Mbonyezo wa Bure Unalipwa na Nani?

Mwezi Juni 1999, mtunzi wa programu za kompyuta aitwaye John Breen, mkazi wa Bloomington katika jimbo la Indiana, Marekani, alifungua tovuti yenye kitufe kimoja. Aliiita The Hunger Site. Ukikibonyeza kitufe hicho, ulifunguka ukurasa wa pili wenye matangazo ya kampuni chache, na kila kampuni ililipa sehemu ndogo ya senti kwa kuwa tangazo lake limeonekana. Fedha hizo zilikwenda kwa Mpango wa Chakula Duniani, shirika ambalo sisi wa Goma, mashariki mwa Congo, tunaliita PAM kwa jina lake la Kifaransa. Uliruhusiwa mara moja tu kwa siku. Hukuulizwa jina wala namba ya kadi ya benki. Ulibonyeza ukaenda zako, na mahali fulani duniani mtu akapata kikombe cha nafaka.

Zaidi ya miaka 25 imepita na wazo hilo limezaa ukoo mkubwa: michezo ya maswali inayolipa punje za mchele, mitambo ya kutafutia habari inayopanda miti, maduka ya mtandaoni yanayokata sehemu ya bei na kuipa hisani. Kwetu Goma jambo hili si la kusikia tu. Tangu wakimbizi wa Rwanda walipomiminika hapa Julai 1994, mji wetu umekuwa miongoni mwa miji inayopigwa picha kila dunia inapochangishwa. Wengi wetu tumekula chakula ambacho watu tusiowajua wamekilipia. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza, bila kuonekana wakosa shukrani: fedha za mbonyezo zinatoka mfuko gani, ni nyingi kiasi gani, na nani anatoa hesabu yake? Nimelitazama suala hili kwa muda, na ninaloliona ni kwamba fedha hizo ni za kweli lakini ukubwa wake huamuliwa na mambo yasiyohusiana kabisa na njaa ya mtu, na kwamba Goma imefaidika na intaneti ya hisani pale tu msimuliaji alipokuwa mtu wa hapa hapa.

Tuanze na bei. Kampuni inayotangaza bima au sabuni hununua macho. Hulipa kwa kila watu elfu watakaoliona tangazo lake, na bei ya elfu hiyo hupanda na kushuka kufuatana na uwezo wao wa kununua. Wamarekani elfu moja wenye kadi za benki huuzwa ghali. Wakongo elfu moja, ambao duka la mtandaoni haliwezi hata kuwafikishia kifurushi mlangoni, huuzwa kwa bei ya kutupa. Kitufe ni kile kile, matumbo yenye njaa ni yale yale, lakini kidole cha Chicago kinazaa mara nyingi zaidi ya kidole cha Katindo, mtaa wa hapa Goma. Tena yule wa Katindo au Birere ananunua mega zake za intaneti kwa siku, na ukurasa wenye picha na video za matangazo unazila upesi. Inawezekana kabisa akatumia franga nyingi kubonyeza kuliko senti zitakazotoka upande wa pili. Neno bure kwenye kitufe hicho limeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye intaneti isiyopimwa nyumbani kwake.

Hapa pana jambo ambalo vijana wetu wenye blogu na kurasa za habari hawaambiwi mapema. Huwezi kuweka matangazo ya Google kwenye ukurasa wako kisha ukawaomba wasomaji wayabonyeze ili usaidie wakimbizi. Kanuni za mpango wa matangazo wa Google zinakataza kumhimiza mtu abonyeze tangazo, na zinataja waziwazi ahadi ya kuchangisha fedha kwa ajili ya wengine. Ukibainika, akaunti hufungwa. Ndiyo maana tovuti kama ya Breen zilitafuta wadhamini wao wenyewe na kulipwa kwa kuonekana kwa tangazo. Kazi hiyo inahitaji mtu wa kuzungumza na kampuni, kusaini mikataba na kuwathibitishia kwamba wanaofika ni wateja wa kweli. Kijana aliye Majengo na kompyuta moja hana mlango wa kuingilia hapo, hata akiwa na nia njema kiasi gani.

Sasa kiasi. Oktoba 2007 Breen huyo huyo alianzisha Freerice, mchezo wa msamiati wa Kiingereza ambao alikuwa ameutunga kumsaidia mwanawe kujiandaa na mtihani. Kila jibu sahihi lililipa punje 10 za mchele. Siku ya kwanza zilipatikana punje 830. Baada ya wiki chache zilikuwa mamilioni kwa siku, na Machi 2009 Breen aliikabidhi tovuti nzima kwa PAM. Mchele huo uliwafikia wakimbizi wa Myanmar walioko Bangladesh, na wanafunzi wa jirani zetu Uganda.

PAM yenyewe imetoa kipimo kinachotuwezesha kupiga hesabu. Gramu moja ya mchele ina punje kama 48, na posho ya mtu mzima kwa siku ni gramu 400, yaani punje 19,200. Ukilipwa punje 10 kwa kila jibu, unahitaji majibu sahihi 1,920 kumlisha mtu mmoja siku moja. Ukijibu swali moja kila sekunde 10 bila kukosea wala kunyanyuka, ni saa tano na dakika 20. Mtu wa Goma anayebeba mizigo sokoni Virunga kwa muda huo huo angenunua mchele mwingi zaidi kwa ujira wake.

Ukiitazama hesabu kutoka juu, inabadilika kidogo. Freerice ilishavuka punje bilioni 100. Hizo ni tani zipatazo 2,080. Mwaka 2024 wakimbizi wa ndani waliozunguka Goma, kuanzia Kanyaruchinya hadi Bulengo, Lushagala na Rusayo, walizidi nusu milioni. Watu nusu milioni kwa gramu 400 kila mmoja wanakula tani 200 kwa siku. Kwa hiyo punje zote bilioni 100, kazi ya mamilioni ya watu kwa miaka, zingewatosha wakimbizi wa pembezoni mwa mji mmoja kwa siku 10, tena mchele mtupu bila maharage, mafuta wala chumvi.

Sitaki hesabu hii isomwe kama dharau. Siku 10 za chakula ni siku 10, na mama aliyekosa cha kuwapikia watoto hatauliza kama sahani imetoka kwa mchezo wa maneno au kwa serikali. Lakini tunapaswa kujua tumesimama wapi. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilibeba takribani asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu nchini Congo. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Washington ilisimamisha misaada ya nje. Siku saba baadaye, tarehe 27 Januari, waasi wa M23 waliingia Goma. Februari kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi vijijini kwao. Katika wiki ile moja wafadhili walifunga mfuko na vita vikafunga barabara na uwanja wa ndege. Hakuna kitufe kinachoweza kuziba pengo la namna hiyo, na mtu anayeahidi hivyo anatuongopea.

Udhaifu mwingine uko kwenye tangazo lenyewe. The Hunger Site ilipata umaarufu mkubwa katika miezi yake ya mwanzo, na Februari 2000 Breen aliiachia kampuni ya GreaterGood.com. Mwaka huo huo soko la kampuni za intaneti likaanza kuporomoka, kampuni zikapunguza matangazo, na mwaka 2001 GreaterGood.com ikafunga milango kabla ya tovuti kununuliwa na wengine. Mvua ilinyesha au haikunyesha, watu waliongezeka njaa au hawakuongezeka, kilichopunguza vikombe vya nafaka kilikuwa bei ya hisa za New York. Amazon nayo ilianzisha mwaka 2013 mpango wa kutoa nusu ya asilimia moja ya bei ya bidhaa kwa shirika ambalo mnunuzi amelichagua, kisha ikaufunga Februari 2023. Sababu waliyoitoa ni kwamba michango ilitawanyika kwa mashirika zaidi ya milioni 1, kila moja likipata kwa wastani chini ya dola 230 kwa mwaka. Dola 230 Goma ni kodi ya nyumba ya miezi michache. Huwezi kuajiri muuguzi kwa fedha hiyo.

Katika ukoo huu mzima, wanaonishawishi zaidi ni Ecosia wa Berlin. Christian Kroll aliianzisha Desemba 2009: unatafuta habari, matangazo yanaonekana pembeni, faida inapanda miti. Kufikia Julai 2020 walikuwa wamefikisha miti milioni 100. Mwaka 2018 Kroll alifunga kisheria njia ya kuiuza kampuni au kujichukulia faida. Kila mwezi wanachapisha mapato na matumizi, wakionyesha kiasi kilichokwenda kwenye miti na nchi ilikokwenda. Sehemu ya miti hiyo iko Uganda, kwenye ukanda unaounganisha misitu ya Budongo na Bugoma, walikofanya kazi na Taasisi ya Jane Goodall. Bugoma iko ng'ambo tu ya Ziwa Albert ukitokea Ituri. Nguvu ya Ecosia ni kwamba kutafuta habari ni kazi unayoifanya hata hivyo, mara nyingi kwa siku, kwa hiyo tangazo haliletwi na huruma ya dakika moja. Pia mti una faida moja ambayo sahani ya chakula haina: ukirudi mwaka ujao utaukuta au hutaukuta, na jibu litaonekana kwa macho.

Kuna hoja nzito zaidi dhidi ya mbonyezo, nayo inahusu moyo wa anayebonyeza. Mwaka 2014 watafiti walichapisha uchunguzi wa ukurasa wa Facebook wa kuitetea Darfur, uliokuwa na wanachama zaidi ya milioni 1. Kati ya kila 100, zaidi ya 99 hawakuwahi kutoa hata dola moja, na wengi mno hawakumwalika mtu mwingine yeyote. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Canada walionyesha kwamba mtu anayeunga mkono jambo hadharani kwa ishara nyepesi, mbele ya macho ya wenzake, hana bidii kubwa ya kulichangia baadaye, kwa kuwa sifa ameshaipata. Aliyeunga mkono kimya kimya ndiye aliyeelekea kutoa zaidi. Kitu hiki wazee wetu wanakijua kwa uzoefu wa misiba: anayelia kwa sauti kubwa barazani si lazima ndiye aliyeleta gunia la unga.

Hata hivyo mbonyezo ukiwa na nguvu, je, tunafurahi? Tarehe 5 Machi 2012 shirika la Invisible Children la San Diego lilitoa filamu ya nusu saa juu ya Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA. Ilitazamwa mara milioni 100 ndani ya siku sita. Waliotazama waliambiwa washiriki, wabonyeze, wanunue bangili. Wakati huo Kony hakuwa tena Uganda kwa miaka kadhaa. Watu wake walikuwa wakiua na kuteka nyara huku kwetu Congo, Uele, na katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Filamu ilipoonyeshwa Lira, kaskazini ya Uganda, mbele ya watu waliopoteza ndugu na viungo vya miili yao, watazamaji walikasirika hadi mawe yakarushwa. Walijiona wamegeuzwa mapambo katika habari ya mtu mwingine.

Kivu ina mfano wake, na umetuuma zaidi. Kabla ya mwaka 2010, kampeni za Marekani ziliwahimiza watu kuziandikia kampuni za simu na wabunge kwa kubonyeza tu barua iliyokwisha kuandikwa, zikidai madini yasiyo na damu. Julai 2010 sheria ikapita huko Marekani, na ndani yake kifungu namba 1502 kuhusu madini ya Congo na jirani zake. Watu wa hapa waliibandika jina la loi Obama, yaani sheria ya Obama. Septemba mwaka ule Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mdogo katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011, na hata ulipofunguliwa wanunuzi wengi wakaogopa kurudi. Wachimbaji wa Walikale waliobeba magunia ya kasiteriti mgongoni kulipa karo za watoto walibaki mikono mitupu, wakati watu wenye silaha walitafuta njia nyingine za kujilipa. Nia ya waliobonyeza ilikuwa njema, naamini hivyo kwa dhati, na madini yenye damu ni jambo la kweli. Ila ujumbe wa kuwaeleza yaliyotokea Walikale miezi sita baadaye haukuwafikia kwa kishindo kile kile. Kitufe kilijengwa kupeleka sauti upande mmoja tu.

Ndipo nafika Rumangabo, makao makuu ya Mbuga ya Virunga, kilomita zisizozidi 50 kaskazini ya mji wetu, mahali ambapo mambo yalikwenda tofauti.

Mbuga ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925. Katika miaka ya vita walinzi wake wa ICCN, taasisi ya serikali ya hifadhi ya mazingira, walifanya kazi miezi mingi bila mshahara, wakikabiliana na vikundi vyenye silaha, wawindaji wa viboko wa Ziwa Edward na biashara ya makaa inayokula msitu. Mwaka 2007, kupitia WildlifeDirect, shirika la Richard Leakey wa Kenya na Emmanuel de Merode, walinzi walipewa kompyuta, kamera na njia ya intaneti ya satelaiti. Wakaanza kuandika. Waliandika wenyewe, kwa majina yao: leo tumekuta mitego 12, leo mwenzetu ameumwa malaria, leo hatuna viatu. Chini ya maandishi palikuwa na mahali pa kuchangia moja kwa moja.

Julai mwaka ule gorila wa milimani wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi, akiwemo dume mkubwa Senkwekwe. Picha za Brent Stirton za wanakijiji wakimbeba Senkwekwe juu ya machela ya miti zilizunguka dunia nzima. Lakini picha hupita. Waliotaka kujua kilichoendelea walikuta Rumangabo watu wanaoandika kila siku, wakijibu maswali, wakisema mchango wa jana umenunua nini. Oktoba 2008, waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda walipoiteka Rumangabo, walinzi walikimbia kwa miguu msituni kuelekea Goma, na wasomaji wa mbali walifuatilia saa kwa saa nani amefika na nani bado hajaonekana. Wakachanga mahema na chakula kwa familia za walinzi hao, ambao sasa walikuwa wakimbizi wa ndani mjini humu.

Tazama kilichotofautisha jambo hili na kitufe cha Breen. Hapakuwa na mwenye tangazo katikati. Idadi ya waliochanga ilikuwa ndogo mno ukiilinganisha na mamilioni ya wabonyezaji, lakini walirudi. Ndakasi, gorila mchanga aliyekutwa mwaka 2007 amemng'ang'ania mama yake aliyekufa, alilelewa mbele ya macho yao kwa miaka 14. Alionekana tena Aprili 2019 katika ile picha ya kujipiga ambamo mlinzi mmoja alisimama na gorila wawili wamenyooka nyuma yake kama watu, picha iliyochekesha dunia. Alipofariki Septemba 2021 mikononi mwa mlezi wake, kulikuwa na watu Ulaya na Marekani waliokuwa wamemlipia maziwa tangu akiwa mtoto. Fedha za kuwatunza wajane wa walinzi nazo zinapatikana kwa njia hiyo hiyo, na wajane hao si wachache. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa tangu mbuga ianzishwe; siku moja tu, tarehe 24 Aprili 2020, walianguka 12 karibu na Rumangabo, pamoja na dereva wao na raia wanne.

Siwezi kuisifu Virunga bila kusema linalonikera. Mwana gorila anachangiwa haraka kuliko mtoto wa Kanyaruchinya. Wakulima wa Rutshuru na Nyiragongo, wanaogombana na mbuga juu ya mipaka ya mashamba na makaa, wanaliona hilo na wanalisema. Tena kazi kubwa za mbuga hazikujengwa na wachangaji wadogo: kituo cha umeme cha Matebe, kilichozinduliwa Desemba 2015 na ambacho umeme wake umefika Goma, kilisimama kwa fedha za wakfu wa Howard G. Buffett. Umoja wa Ulaya nao ni mfadhili wa miaka mingi. Mchango mdogo wa mtandaoni ulilipa viatu, maziwa na posho, mambo ambayo mfadhili mkubwa huyaona madogo mno kuyaandikia mkataba, na ambayo yakikosekana kazi inakufa.

Somo la Rumangabo lingeweza kuhamia kambini, na sioni kwa nini halikuhamia. Katika Bulengo kulikuwa na walimu, wauguzi, wanafunzi wa chuo kikuu, watu wenye simu mkononi na uwezo wa kuandika. Lakini habari zao ziliandikwa na mgeni aliyekuja saa mbili, akapiga picha, akamwita mtu "mama wa watoto watano" na kuondoka. Mama huyo hakujua picha yake imekwenda ukurasa gani, imeonyeshwa pembeni ya tangazo gani, imeleta franga ngapi. Kama kamati ya kambi ingepewa kile walinzi walichopewa mwaka 2007, yaani vifaa, umeme, mega na uhuru wa kusema hata yale yanayoliudhi shirika, tungekuwa na wachangaji wanaomfahamu mtu kwa miaka badala ya kumwonea huruma kwa sekunde. Vijana wa mji walishaonyesha kwamba inawezekana. Kikundi cha Goma Actif, kilichoanza wakati wa korona, kilikusanya na kugawa misaada volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, wakati mashirika mengi yalikuwa bado yanahamisha wafanyakazi wao.

Wakati huo huo, kitufe cha bure ambacho watu wa Goma wanakutana nacho zaidi ni cha aina nyingine. Ni ule ujumbe wa WhatsApp: PAM au HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, inagawa dola kwa kila familia, fungua hapa, jaza jina lako, tuma kwa watu 15 ndipo utapokea. Mashirika haya yameonya mara nyingi kwamba hayasajili watu kwa njia hiyo. Uongo wa namna hii ni wa zamani: mwaka 1997 barua pepe ilizunguka Marekani ikidai kwamba shirika la saratani la American Cancer Society litatoa senti tatu kila barua ikitumwa kwa mwingine, na shirika likalazimika kukanusha. Wa siku hizi una chanzo cha mapato. Ukurasa unaofunguka umejaa matangazo, na kila mwenye njaa anayefungua na kusambaza anamwingizia senti mtu asiyejulikana. Chombo ni kile kile cha Breen, kimegeuzwa nyuma mbele. Masikini ndiye anayebonyeza, mega ni zake, taarifa zake binafsi zimechukuliwa, na fedha zinakwenda kwa mwingine. Kwa upande wangu hii ndiyo sababu kubwa ya kulisema suala hili kwa sauti katika Kiswahili, redioni na makanisani, kwa kuwa onyo la Kifaransa kwenye tovuti ya shirika halimfikii muuza ndizi wa Kituku.

Na tuseme fedha halali imepatikana, kwa tangazo au kwa mchango. Bado inapaswa kufika. Mwisho wa Januari 2025 benki za Goma zilifungwa. Wengine walianza kuvuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, kutoa fedha zao, na waliobaki wakategemea M-Pesa, Airtel Money na Orange Money kwenye vibanda vya barabarani, ambako noti zikiadimika mwenye kibanda huongeza makato yake juu ya yale ya kampuni. Shirika la kimataifa linaweza kuandika katika ripoti kwamba dola 20 zimelipwa kwa familia, na ripoti ikawa ya kweli, ilhali familia imeshika 17 au 18.

Wanaolifahamu vizuri jambo hili ni wale ambao hawana kitufe wala tangazo: ndugu zetu wa Brussels, Nairobi, Kampala na Montréal, wanaochanga katika vikundi vya WhatsApp vya familia, vya waliosoma pamoja, vya watu wa kijiji kimoja cha Masisi. Utaratibu wao umetoka kwenye likelemba, yaani mchango wa zamu, na kwenye vikundi vya kuweka akiba ambavyo mama zetu wanaviita AVEC. Mweka hazina anaandika kwenye daftari, analipiga picha na kuituma kikundini usiku ule ule: zimetumwa ngapi na nani, kibanda kimekata ngapi, unga kilo ngapi, dawa za nani, kimebaki nini. Asiyeandika hupigiwa simu na shangazi yake. Tovuti za hisani zina wahandisi, seva na michoro ya rangi inayoonyesha punje na miti kwa mabilioni. Mstari wa kibanda kimekata ngapi sijauona bado kwenye hata moja.